Ndiyo, Daktari

Naapa kwa meno yangu yaliyobaki: yote utakayosoma hapa ni kweli tupu, na yalitokea nyumba ya jirani, ukuta kwa ukuta na kwangu.

Katika nyumba hiyo anaishi fundi cherehani na mtoto wa kaka yake, msichana wa darasa la sita. Kila alasiri msichana alivua sare, akanywa maji, akaingia chini ya meza ya kukatia kuokota pini kwa sumaku. Hapo ndipo alipozoea kumsikia shangazi yake akiwabana wateja.

"Nishonee tu, fundi, utakavyoona wewe," mteja husema.

"Mwili ni wako au wangu?" Shangazi humjibu. "Gauni liishie wapi? Mkono mrefu au mfupi? Sema sasa. Nikishakata, nimekata."

Basi fikiria hasira za msichana siku aliyomsindikiza shangazi huyohuyo hospitali. Shangazi alikuwa amegundua uvimbe mgumu kwenye titi. Kipande kidogo kilitolewa kwa sindano kikapelekwa kupimwa, na sasa majibu yalikuwa tayari. Daktari, mwanamke mpole mwenye foleni ndefu nje ya mlango wake, aliwaambia kuwa ni saratani, kisha akaeleza mengi kwa haraka.

"Tutafanya upasuaji, halafu utapewa dawa za kupitia kwenye mshipa. Umeelewa, mama?"

"Ndiyo, daktari."

"Una swali?"

"Hapana, daktari."

Walipofika getini msichana aliuliza, "Shangazi, amesema nini?"

"Sijui. Masikio yaliziba palepale alipotaja saratani."

"Si ungemwambia arudie?"

"Na ile foleni yote? Unataka nionekane mjuaji?"

Msichana alinuna mpaka nyumbani. Mtu anayeweza kubishana nusu ya asubuhi kwa ajili ya zipu, leo amekuwa bubu.

Nyumbani mambo yakazidi kuharibika. Shangazi alitenga kikombe chake, eti asimwambukize mtoto. Wateja nao wakaja na habari zao. Jioni Shangazi akatangaza kwamba haendi kwenye upasuaji ng'o, kwa sababu saratani ikiguswa na kisu husambaa mwili mzima.

"Nani kasema?" msichana aliuliza.

"Yule mteja wa sketi ya bluu."

"Yeye ni daktari?"

"Anauza viatu."

Msichana alitoka chini ya meza. "Kwa hiyo muuza viatu umemhoji mpaka kachoka, ila daktari ukamwambia huna swali. Wewe, unayemgombeza mtu akisema 'utakavyoona'. Huu mwili ni wako au wa muuza viatu?"



"Una mdomo wewe," Shangazi alisema. Lakini asubuhi alivaa viatu, wakarudi kwa daktari.

Safari hii msichana hakutaka mchezo. Hata hawajakaa vizuri, akaanza kumimina: kisu kinasambaza? Vikombe vitengwe? Dawa zinauma? Daktari alimsikiliza, kisha akauliza taratibu, "Mgonjwa ni nani hapa?"

"Ni yeye."

"Basi tumsikie. Wewe msindikize, akisahau umkumbushe. Usimnyang'anye maneno yake."

Msichana akafunga mdomo. Ilimuuma, lakini aliufunga.

Hapo Shangazi akasimama, akanguruma kama radi mpaka vioo vikatetemeka: "Mimi ni fundi. Mkono wa upande huu ndio unaosukuma kitambaa. Mkinipasua, utafanya kazi tena?" Na foleni nzima nje ikapiga makofi.

Daktari aliweka kalamu chini. "Vizuri umeniambia. Mwanzoni mkono utakuwa mzito, kwa hiyo tutakufundisha mazoezi. Kisu hakisambazi saratani. Kuchelewa ndiko kunakoipa nafasi. Wala haiambukizi, kikombe kirudishe kabatini."

"Nitapona?"

"Uvimbe bado mdogo, na tumeuwahi. Nafasi yako ni nzuri, ingawa siwezi kukuapia. Nitakueleza kila hatua, na usipoelewa nisimamishe. Siku ile uliposema ndiyo, niliamini umeelewa."

Shangazi alifanyiwa upasuaji, akapewa dawa. Nywele zilidondoka, zikaota tena. Leo anashona, polepole kidogo, na kliniki haachi kwenda.

Jana nilimsomea hadithi hii akipinda suruali. Akasimamisha cherehani.

"Nani alinguruma, jirani?"

"Wewe."

"Na nani alipiga makofi?"

Nikakohoa.

"Hakuna aliyepiga makofi, Babu," msichana alisema. "Hata sauti haikutoka vizuri. Ilibidi aulize mara ya pili ndipo daktari akasikia."

"Andika hivyohivyo," Shangazi akaniambia. "Mtoto mwoga akisoma kwamba nilinguruma, atadhani kuuliza ni kazi ya simba. Mimi magoti yaligongana, na bado niliuliza. Daktari anajua dawa, lakini ninachokihisi mwilini nakijua mimi, nisipomwambia atakijuaje? Ukiugua, uliza. Usipoelewa, uliza tena. Ukiogopa, nenda na mtu wako."

Nimeandika alivyosema. Kisha akanisukumia rundo la sare za shule zilizongoja pasi, iwe faini ya uongo wangu. Nimezinyoosha zote, isipokuwa kaptura moja niliyoiunguza, na hiyo nayo amenipa sindano niitie kiraka mwenyewe.