Redio Iliyokunywa Maji

Aliyeniambia kwanza mambo haya ni Nesta, mke wa Ezron fundi redio wa hapa Nanyala. Ilikuwa jioni, tupo bombani. Alimtazama mwanangu Judith mgongoni kwangu, akauliza, "Mama Judith, midomo ya mtoto imekauka hivyo tangu lini?" Nikamjibu tangu Jumapili. Akaiweka ndoo yake chini na hakuijaza tena. Alichonisimulia nakiandika kama nilivyokipokea.

Ulikuwa mwaka ule wa mvua za Elnino. Ezron alikuwa anatengeneza redio zisizotumia betri. Hazikuwa na vitu vingi: kisikio kilichotolewa kwenye simu mbovu, dayodi moja, waya mrefu uliofungwa juu ya mkaratusi, na waya mwingine uliofungwa kwenye nondo iliyochomekwa ardhini nyuma ya nyumba. Kazi kubwa ilikuwa kwenye koili mbili bapa kama sahani. Ezron alikata duara kwenye boksi gumu, akalichanja mipasuo tisa. Haikutakiwa iwe minane wala kumi, kwa sababu waya lazima upite mbele ya kipande kimoja na nyuma ya kinachofuata, na kila mzunguko upishane na uliotangulia. Msukaji alikuwa Nesta. Mikono yake imezoea kusuka nyungo, na koili zake zilikaza vizuri kuliko za mumewe. Koili moja iligandishwa kwenye ubao, nyingine ikafungwa bawaba mbele yake kama jalada la kitabu. Ukiisogeza karibu sauti inapanda, ukiitenga inafifia.

Kazi nyingine ya Nesta ilikuwa kumwagilia nondo. Ilikuwa chini ya upenu ambako mvua haifiki, na udongo ukikauka redio haisikiki. Kila asubuhi alimimina kikombe kimoja.

Siku moja alimimina, na udongo ukayanywa maji kabla hajainua mkono. Akamimina kikombe cha pili. Akaleta ndoo. Ndoo nzima ilizama bila kuacha hata tope, na hatua tatu kutoka pale bata walikuwa wanaogelea kwenye dimbwi la mvua.

"Baba Clever, hapa chini pana shimo?"

"Panya hao," Ezron alijibu bila kuinua uso.

Kesho yake ndani kulinuka dizeli. Nesta alifua mapazia, akafua mpaka shuka za mtoto, harufu haikutoka. Ilipofika saa saba mchana, jua limewaka baada ya mvua, aliona ile koili ya bawaba inajisogeza taratibu kuelekea mwenzake. Upepo haukuwepo. Alijua kwamba saa kama hiyo redio ile haishiki kitu, stesheni huja usiku tu. Akaweka kisikio sikioni. Hakusikia muziki wala taarifa ya habari. Alisikia mtu anahema. Halafu yule mtu akasema neno moja, kwa ulimi mzito.

"Maji."

Kuanzia siku hiyo Clever, mtoto wao wa miezi minane, alianza kukauka. Alinyonya lakini nepi haikulowa. Zahanati walimpa dawa ya chumvi na sukari, akanywa kikombe baada ya kikombe, na utosi wake ukazidi kubonyea. Mwishowe maziwa ya Nesta nayo yakakatika. Hapo woga ukamtoka, akapata hasira.

"Waya wa koili uliutoa wapi?"

"Kwenye dainamo."

"Dainamo ya nini?"

"Ya gari. Unanihoji kama polisi, mama Clever?"

"Gari gani, Ezron?"

Tangu aolewe naye hakuwahi kumwita kwa jina. Ezron alifuta mikono kwenye suruali.

"Lile la sukari, lililoanguka kwenye kona. Kila mtu alichukua chake. Hata wewe ile sukari uliinywea chai, au umesahau?"

Hakuwa amesahau. Nanyala nzima haijasahau. Tulishuka bondeni na mabeseni, tukapita pembeni ya kichwa cha gari kilicholala ubavu, tukajiambia kwamba dereva ni marehemu. Alikuwa mtu wa Tunduma, anaitwa Abdulswamad.

"Na dereva?" Nesta aliuliza.

"Alishakufa."

Nesta alimfunga mtoto mgongoni, akapanda basi hadi Tunduma, akarudi na Shekhe Abdulrahim. Mama mkwe wake alipiga kelele kwamba nyumba ya Moravian haiiti shekhe. Nesta akamwambia, "Basi mama, umwombee wewe apone leo, ukiweza nitamrudisha shekhe stendi."

Shekhe hakufungua kitabu. Aliketi, akachukua kisikio, akasikiliza kidogo, akakiweka mezani haraka kama kimemuunguza.

"Mimi ndiye niliyemwosha Abdulswamad," alisema, akimtazama Ezron. "Midomo yake ilikuwa imepasuka. Mtu anayekufa papo hapo hapasuki midomo. Alikaa pale. Alikaa muda mrefu, kijana."

"Shekhe, tumekuita utoe jini," Ezron alisema.

"Jini? Hapa anayestahili kutolewa labda ni wewe. Huyu ni mtu aliyeomba maji akanyimwa. Nikimfukuza kwa nguvu, ataondoka na mtoto. Fungueni mlichokisuka, na msikilize mpaka mwisho."

Nesta akakaa sakafuni, akaanza kufungua alichokisuka kwa mikono yake mwenyewe. Kisikio kilikuwa mezani, lakini wote walisikia. Mzunguko wa kwanza ulitoa muungurumo wa injini inayokufa. Wa pili ulitoa, "Jamani." Wa tatu, "Jamani, mguu." Akafungua mzunguko wa kumi, wa ishirini, waya ukirundikana mapajani mwake, na kila ulipotoka kwenye mpasuo sauti ya yule mtu iliwaita watu waliokuwa wanapita, akimwita huyu mama na yule baba, akiwasihi kwa watoto wao, huku nyuma ya sauti yake kukisikika vishindo vya miguu na sukari ikimiminwa kwenye mabeseni na wanawake wakitaniana nani kabeba zaidi, na Nesta alitaka kuziba masikio lakini mikono yake haikukubali kuacha waya, na harufu ya dizeli ilipanda mpaka Clever mgongoni akaanza kukohoa, na koili ambayo ilikuwa na mizunguko arobaini na tano, aliyoihesabu mwenyewe siku ya kuisuka, ikapita arobaini na tano, ikapita sabini, bado haijaisha.

Mzunguko wa mwisho ulipofunguka, spana iligonga chuma. Halafu sauti ya Ezron, safi kabisa: "Vumilia mzee, imebaki nati moja."

Na mwingine akacheka. "Anaongea sana huyo. We fungua, mimi nimeshika."

Ezron alipiga magoti. Nesta akamtupia rundo la waya usoni.

"Usinililie mimi! Mke wake yupo Tunduma. Nenda ukamwambie kwa mdomo wako, mlangoni, watu wakisikia. Usirudi kama hujasema."

Alikwenda na ule waya. Alisema. Yule mjane alichukua waya na kumfungia mlango. Jioni ile Clever alikojoa mapajani kwa mama yake, na Nesta akakaa na kanga iliyolowa hivyo hivyo, hakuibadilisha mpaka usiku. Nyuma ya nyumba, maji yalisimama juu ya udongo.

Nilimwuliza, "Aliyecheka ni nani?"

Nesta aliokota ndoo yake tupu. "Redio ya kwenu mlipewa na nani, mdogo wangu?"

Tulipewa na Ezron, wiki ileile ya gari la sukari. Alimpa mume wangu. Alisema ni ya urafiki.

"Ni Yonathani," Nesta akasema. "Nilinyamaza kwa sababu mtoto wako alikuwa mzima."

Mimi si mtu wa maneno. Hata kanisani naimba chini ya wenzangu. Asubuhi Yonathani alipokaa kunywa chai, niliondoa kikombe chake na viazi, nikaitoa redio ukutani na kuiweka mbele yake. Pembeni nikaweka kikombe cha maji. Judith alikuwa mikononi mwangu, ulimi mkavu kama karatasi.

"Nini tena hii, mama Judith?"

"Fungua waya. Mzunguko mmoja mmoja. Mimi nasikiliza."

Akacheka. Kisikio mezani kikacheka naye, kicheko kilekile. Yeye akanyamaza. Chenyewe hakikunyamaza.

Nikaenda nikatia komeo mlangoni, nikarudi, nikamshika mkono, nikauweka kwenye ncha ya waya.