Tanga Lililozama Upesi

Ngalawa ilikuwa imekwisha kuondoka, tanga lake jeupe limejaa upepo, Rabania akiwa bado anacheza ufukweni.

"We Rabania! Panda darini!" Bibi Saenab aliita. Kisha akamgeukia mama yake Rabania. "Na wewe mama Heru, weka huo ufagio chini."

Pwani ile ya Mandar, chombo kikitoka mtu mmoja hupanda darini, akalitazama tanga mpaka ncha yake izame. Huita, "Limezama!" ndipo nyumba ifagiliwe. Ukifagia mapema, umemfagia msafiri asirudi.

Waliosafiri ni baba yake Rabania na kaka yake, Heru. Lakini asubuhi hiyo pia Masita, rafiki yake Rabania, aliyehitimu Kurani, alikuwa anapandishwa farasi anayecheza. Matari yalisikika hadi mchangani.

"Utamkosa farasi!" Nurlia, aliyekuwa akicheza naye, alimcheka. "Kwani baba yako atayeyuka usipomkodolea macho?"

Rabania hakupanda. Alitazama akiwa palepale mchangani. Tanga lilizama taratibu, chini kwanza, kama mtu anayeteremka upande wa pili wa kilima. Mara likatoweka lote.

"Limezama!" akapiga kelele, akitokea nyuma ya nyumba kama aliyetoka darini.

Bibi alikuwa mlangoni. "Upesi hivyo? Umeiona ncha kutoka darini?"

"Ndiyo, Bibi."

"Ikazama polepole?"

"Polepole kabisa."

Farasi alicheza, akatikisa kichwa kwa kufuata matari, watu wakashangilia. Rabania alishindwa kucheka. Aliporudi, mama yake alikuwa anafagia, na kila mkwaruzo wa ufagio ulimchoma. Akapanda darini.

Mbali, juu ya mstari wa bahari, palikuwa na kitu cheupe, kifupi kama nusu punje ya mchele. Hakikusogea. Alishuka mbio hadi ufukweni: hakuna kitu. Akapanda tena: kipo. Ndipo alipoelewa. Tanga halikuzama. Lilishushwa nusu, na kwao tanga nusu maana yake ni njooni.

Alimkimbilia jirani mwenye mtumbwi wa injini. "Baba Tahir! Ngalawa ya baba imeshusha tanga!"

"Ya baba yako? Si wewe mwenyewe uliyepiga kelele limezama? Hao ni wavuvi wengine wamesimama. Nenda kacheze, mafuta hayachotwi kisimani."

Bibi alikuwa amesogea karibu, na mama nyuma yake, ufagio bado mkononi.

"Sikupanda," akasema Rabania. "Nilitazama kutoka mchangani. Kutoka darini bado lipo. Nilimdanganya Bibi."

Ufagio ulimwanguka mama yake. Baba Tahir alibeba dumu la mafuta, akaenda.

Jua likiwa bado juu, walirudi wanaivuta ngalawa. Kamba za mrengu mmoja, ule ubao wa ubavuni unaozuia ngalawa isipinduke, zilikatika na mrengu ukaenda na maji. Heru alikuwa amefunga mkono kwa shati lenye damu. Ulibanwa alipojaribu kuushika mrengu.

"Sisi hatukuogopa sana mwanzoni," alimwambia dada yake. "Tulijua uko darini. Nilikuwa nakupungia."

Rabania alilia mpaka pumzi zikamkwama. Bibi alimwacha kwanza, kisha akaketi karibu naye.

"Bahari haikukudanganya, mjukuu wangu. Maji yamejipinda, na ule mstari ni mwisho wa jicho lako, si mwisho wa bahari. Ukipanda juu, mstari unasogea mbali. Ukishuka, unakuja karibu. Kwa hiyo si kosa kuona kidogo. Kosa ni kusema umeona kutoka juu, na wewe umesimama chini. Watu huweka roho zao kwenye neno la mtazamaji."

Baba yake alifunga mrengu mpya, akarudi baharini. Vidole viwili vya Heru havikukunjika tena. Akawa fundi wa milingoti. Masita aliolewa mji wa jirani, naye Nurlia anauza samaki sokoni. Baba Tahir alizeeka, mtumbwi akamwachia mwanawe. Bibi Saenab alifariki. Rabania sasa ana watoto watatu, na chombo kikitoka, hupanda darini mwenyewe.