Kigoda Kilichotupwa Mirongo

Sakafu ya chumba cha marehemu ilikuwa imelowa. Bati halikuvuja, mlango ulikuwa umefungwa, na Dorcas, aliyekuwa ametoka kupiga deki na kukausha, alisimama na tambara mkononi akinusa. Matope. Matope ya mto Mirongo, yale yanayonuka mvua ikikatika.

Alijua yalikotoka. Baada ya kumzika mama mkwe wake, Tereza, mvua kubwa ilinyesha. Dorcas alijifunika kitenge, akabeba kigoda cha marehemu na kukitupa mtoni kutoka darajani, kama majirani zake wa Mabatini wanavyotupa taka mvua ikinyesha. Kilinuka mkojo wa mgonjwa, naye aliona haya wageni wa msiba wasije wakakiona. Haya gani hizo! Mwenzake alikikalia mpaka anakufa.

Tereza akiwa hai alipenda kusimulia madaraja ya mto ule. La kwanza lilikuwa la magogo, na chini yake alikaa jini. Waliojenga la mawe walimwomba ahamie humo, wakamwekea pa kukaa. Waliojenga hili la zege hawakumwomba mtu. Walivunja lile la mawe, wakamwacha hana makao.

"Mkamwana, pale usidondoshe kiti," alimwonya. "Ukimpa kiti, umemkaribisha kwako."

"Ndiyo mama," Dorcas aliitikia, akiendelea kuchambua mchicha.

Sasa, jioni ile, kitu kilikokotwa chumbani, kwaru, kwaru, kikasimama nyuma ya mlango, na Dorcas akasikia maji yakidondoka na pumzi nzito ikivutwa taratibu, naye akakaa jikoni na mwiko mkononi mpaka ugali ukaungua, akishindwa hata kumwita mumewe Mashimba, kwa sababu akimwita itabidi aeleze.

Kesho yake alikwenda kwa siri Igogo, kwa mganga Ngosha, akamsimulia yote.

"Huyo hana dawa," mganga alimnong'oneza. "Ulimkaribisha kwa kificho. Wakwe zako wakija kugawa vitu, sema mbele yao ulichofanya. Ataondoka."

Jumapili mchana ukoo ulikusanyika. Justa, binti mkubwa wa Tereza, alikuwa amekuja kutoka Butimba.

"Kanga gawaneni," alisema. "Mimi nataka kigoda cha mama tu. Wifi, kiko wapi?"

Uso wa Dorcas uliwaka moto. Watu wote walimtazama, na Mashimba naye.

"Kiliibiwa, wifi. Siku ya msiba."

Alitamani ardhi ipasuke immeze. Justa alifuta machozi, akaingia chumbani kwa mama yake kusali kidogo.

"Jamani, mbona kipo hapa?"

Kilikuwa katikati ya chumba, kimelowa, kimeshika majani ya mtoni. Justa alikiinamia akakivuta. Hakikutoka. Mashimba akamsaidia, wakahema wote wawili.

"Kizito hivi kwa nini?" Justa alinong'ona. "Kama kimekaliwa."

Dorcas alisimama mlangoni. Neno lilikuwa mdomoni, ilibaki kulisema tu. Lakini wakwe walikuwa wamemzunguka, wote wanamheshimu, na aibu ikamgeuzia maneno.

"Kiacheni tu," alisema. "Kibaki hapo hapo."

Juu ya kigoda, mahali pasipo na mtu, sauti yenye maji, ambayo haikuwa ya Tereza, ilijibu taratibu:

"Asante, mkamwana."