Jina Lililokosekana Kwenye Simu ya Fundi Fremu

Fundi fremu alikutwa amelala sakafuni, kati ya meza ya kukatia vioo na rundo la mbao alizozipiga vanishi asubuhi hiyo. Inhela yake ya pumu ilikuwa chini ya kiti, tupu. Nyingine ilikuwa karibu na bega lake, mpya, haijatumika hata mara moja.

Hiyo ya pili ndiyo iliyomkera Inspekta.

"Nani aliyemkuta?"

"Dada yake, afande," konstebo alijibu. "Msusi wa saluni ya mtaa wa pili. Ila muuza vioo wa jirani anasema alimwona akiingia, akakaa humu kama dakika tano, ndipo akapiga yowe."

"Dakika tano na maiti, kimya?"

"Ndivyo anavyosema."

Inspekta alichuchumaa, magoti yakalalamika kama kawaida yao, akaokota simu ya marehemu kwa mkono wenye glavu. Haikuwa na namba ya siri. Ujumbe wa wateja ulikuwepo. Wa mama yake ulikuwepo, mwingi ukimuuliza kama amekula. Wa dada yake haukuwepo hata mmoja, ilhali orodha ya simu ilionyesha walipigiana karibu kila siku.

Mama yao alikuwa ameketi kwenye benchi la nje. Hakuwa analia tena. Alimshika Inspekta kwenye kiwiko.

"Mwanangu, unamshuku binti yangu?"

"Sijui bado, mama."

"Ninao wawili tu. Mmoja mmeshambeba. Huyu mwingine usinichukulie mpaka uwe na hakika."

Inspekta alikuwa amezoea kutukanwa na ndugu za marehemu, na hilo hulivumilia. Ombi la upole namna hii lilimlemea.

Kituoni alimkuta konstebo ameinamia ile simu, ametoa ulimi nje kama mtoto anayechora.

"Unafanya nini?"

"Napakua programu ya kurudisha ujumbe uliofutwa, afande. Bado kidogo tu..."

"Weka chini hiyo simu."

Mtaalamu wa maabara, ambaye kituo kizima humwita Daktari wa Simu, aliipokea kama mgonjwa mahututi. Akakata mtandao, akamgeukia konstebo.

"Kijana, ujumbe ukifutwa hauondoki hapo hapo. Simu inaweka alama tu kwamba nafasi yake iko wazi. Ukipakua kitu, kinakwenda kukalia pale pale. Ungemaliza kuipakua hiyo programu yako, ungekuwa umemzika marehemu mara ya pili."

Konstebo alitafuta kazi ya kufanya chumba kingine.

Ripoti ya daktari wa maiti ilifika kesho yake. Hapakuwa na sumu wala jeraha. Pumu ilimbana, akakosa hewa. Likabaki swali moja baya: je, dada yake alisimama pale na dawa mkononi, akamtazama akifa?

Msusi aliletwa mchana. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, vidole vyake bado vinang'aa mafuta ya nywele.

"Inhela mpya uliileta wewe?"

"Ndiyo. Ya akiba hukaa kwangu, kwa sababu yeye huzipoteza."

"Ulijuaje kwamba anaihitaji?"

Msusi alianza kujifuta mafuta vidoleni kwa kanga.

"Alikuandikia?"

"Afande, nilifika kashaondoka. Mwili ulikuwa na joto, lakini kashaondoka."

"Sikuulizi hilo. Nani alifuta ujumbe?"

Msusi alivitazama vidole vyake. "Mimi."

"Kwa nini?"

"Mama asisome."

"Asisome nini?"

 

"Aliniandikia, 'Nakufa.' Nikamjibu, 'Kufa basi.'"

Konstebo aliacha kuandika.

"Ndivyo tulivyo," msusi alisema, sasa maneno yanamtoka kwa kasi. "Akisikia njaa, anakufa. Timu yake ikifungwa, anakufa. Namwambia kufa basi, halafu namletea anachotaka. Nilikuwa na mteja, kichwa kimefika nusu. Nikaiweka simu chini, nikamalizia. Dakika ishirini, afande. Nilikuwa nacheka na mteja."

"Kisha?"

"Asubuhi alikuwa ameniambia inhela yake inakaribia kuisha, kwa hiyo nikampelekea ile ya akiba. Nikamkuta vile. Nikawaza tu mama ataishika hii simu, atasoma nilichomwambia mwanawe. Nilitaka kufuta neno langu lile moja. Nikabonyeza jina langu, machozi yamejaa, simu ikaniuliza kitu nikakubali. Yakaondoka yote tuliyoandikiana. Miaka sita. Kwenye simu yangu nikafuta vivyo hivyo, bila hata kufungua." Akajifuta uso kwa kiganja. "Kama ni jela nipelekeni. Neno la mwisho nililompa ni hilo."

Inspekta alivuta bahasha kutoka kwenye droo. Daktari wa Simu alikuwa ameimaliza kazi yake asubuhi. Inspekta alijua kilichomo, alitaka tu kukisikia kwa mdomo wa msusi mwenyewe.

"Mmeandikiana 'nakufa' na 'kufa basi' mara arobaini na moja," alisema. "Nimezihesabu. Na kila mara, baada ya muda, unaandika, 'Nipo mlangoni.' Nilipofika ya kumi nilikuwa nacheka peke yangu. Mtu asiyewajua angekufunga kwa ile ya mwisho. Aliyesoma zote hawezi."

Inspekta alichomoa karatasi moja kwenye bahasha.

"Lakini yako haikuwa ya mwisho. Alikujibu dakika moja baadaye. Wewe ulikuwa umeshaiweka simu chini."

Alimsogezea karatasi. Msusi aliisoma, akaisoma tena, akaifunika kwa viganja vyote viwili. Alilia mpaka Inspekta akamtuma konstebo maji ambayo hakuna aliyeyahitaji.

"Ulikosea kugusa simu ile, na ningeweza kukushtaki," Inspekta alisema baadaye. "Nitaandika kifo cha ugonjwa. Mama yako yuko hapo nje. Nimwambie mimi?"

"Hapana. Nitamsomea mwenyewe. Yote, na langu pia."

Alitoka, akaketi karibu na mama yake, akasoma kwa sauti ya chini. Alipofika kwenye "Kufa basi" alisita, lakini mama akamwambia aendelee. Akasoma jibu la mdogo wake:

"Haya, nakufa polepole. Malizia kwanza kichwa cha watu, usimtoe mteja nusu."

Mama alicheka, kicheko kikamgeuka kilio katikati. Akamvuta binti yake, akakilaza kichwa chake mapajani.

"Huyo ndiye yeye," alisema. "Alikuruhusu, mwanangu. Umesikia? Alikuruhusu."