Kinga ya Radi ya Mama Mkwe

Fundi bati alikuwa mtu wa mizaha, na mtaa mzima ulimjua. Mkewe alishakuta chumvi kwenye bakuli la sukari. Mama mkwe wake, waliyekaa naye nyumba moja, alishafungua boksi la zawadi akaruka nusura aguse dari. Ndani kulikuwa na nyoka wa mpira.

"Mkwe wangu, iko siku utalia wewe," mama mkwe alimwambia.

Siku hiyo ikafika. Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Fundi alikuwa nje anakunja bati. Akapita jirani yake, mpiga picha za eksirei hospitalini. Watu walimwita Dada Eksirei.

"Dada, wiki mbili zilizopita nilibomoa paa la kiwanda kikuukuu," fundi alianza. "Nikapata kichwa cha kinga ya radi, kile chuma cha kunasa radi juu ya paa. Nikampa mama mkwe akiweke chini ya kitanda. Si unajua anavyoogopa radi!"

"Akakubali?"

"Kanishukuru mwenyewe! Tena kina chapa ya pangaboi. Mapanga matatu, na duara katikati. Feni na radi wapi na wapi?"

Dada Eksirei hakucheka. Aliokota msumari, akachora mchangani. "Chapa hii?"

"Hiyohiyo."

"Kaka, hiyo si feni. Ni alama ya mionzi. Hata mlango wangu wa kazini unayo. Zamani vichwa vingine vya kinga ya radi viliwekwa vitu vyenye mionzi. Mionzi huioni, huinusi, huisikii. Lakini ukikaa nayo karibu siku nyingi, inaweza kukudhuru."

Nyundo ikamdondoka fundi. Wiki mbili! Mama wa watu analala juu ya kitu kile, na aliyempa ni yeye, huku anacheka.

Akakimbilia ndani. "Mama, toka chumbani! Kuna mionzi!"

Mama mkwe alikuwa anakunja nguo. "Leo mionzi? Mwaka jana ulisema chui."

"Haki ya Mungu, Mama!" Machozi yakamlengalenga.

"Kumbe na kulia unajua? Kazi ipo."

Ikabidi Dada Eksirei aje mwenyewe. "Mama, safari hii ni kweli. Tutoke wote. Tusikiguse, tusikizike, tusikiuze kwa watu wa vyuma chakavu. Tukae mbali, tuwapigie simu watu wa serikali wa usalama wa mionzi." Akamgeukia fundi. "Wewe kanawe mikono kwa sabuni. Na zile glovu ulizovaa ulipokibeba usiziguse tena."

Saa nane wakaja maofisa wawili. Mmoja akaingia chumbani na kipimo. Fundi akabaki nje.

Ofisa akatoka. "Chini ya kitanda hakuna kitu. Kipimo kimya."

Wote wakamtazama mama mkwe. Akainamisha macho.

"Nisameheni. Baada ya yule nyoka, nani alale na zawadi ya huyu? Siku ileile nilikibeba kwa koleo, nikakitumbukiza kwenye pipa bovu kule mwisho wa kiwanja. Leo mliponitoa mbio, niliona haya kusema."

Fundi akakaa chini puu, akacheka na kulia kwa pamoja.

Kwenye pipa, kipimo kikalia. Maofisa wakazungushia kamba, wakasoma namba ya chuma kile. Haikuwemo kwenye kumbukumbu zao.

"Kimetoka nchi nyingine," ofisa alieleza. "Lakini nchi zetu zimekubaliana kusaidiana. Mionzi haina pasipoti, mpaka haiujui. Namba hii naituma kwa wenzetu leo."

Baada ya siku mbili jibu likaja kutoka kilikotengenezwa, pamoja na michoro na maelezo ya kukihifadhi. Nchi jirani ikatuma mtaalamu na chombo kizito chenye kuta nene. Kichwa kile kikafungiwa humo, kikapelekwa ghala la serikali la taka za mionzi. Huko kina namba, kina kufuli, na wakaguzi hukitazama.

Familia nzima ikapimwa. Wazima! Mikono ya fundi safi. Glovu, pipa na koleo navyo vikaenda ghalani.

Siku hizi fundi hapandi paa kuukuu kabla ya kuuliza kilichopo juu. Mafundi wenzake huwachorea mchangani. "Ukiona hii, usiguse. Shuka, piga simu." Wakidhani anatania, anawapeleka kwa mama mkwe.

Jana alimletea mama huyo boksi jingine. "Viatu, Mama. Safari hii ni viatu kweli."

"Ahsante, mkwe wangu," mama akasema, akaenda kuleta koleo jipya.