Kisu cha Walimu Wawili

Kila Jumamosi akitoka madrasa, Jannat alipitia nyumbani kwao Kibokoni, akala vibibi, vile vikate vya mchele na nazi, alivyoachiwa na nyanyake, kisha akatoka mbio kwenda kwenye ua wa kikundi cha sarakasi. Ungemwita wakati huo, asingekusikia. Msichana huyu wa miaka kumi na miwili hakuwa na jambo kichwani ila visu.

Visu vyenyewe havikuwa vya jikoni. Vilikuwa vya mchezo, vyenye ncha kali, lakini makali yake yalikuwa yamesuguliwa hata visingeweza kukata kitunguu. Vilirushwa kwenye ubao mnene, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuvigusa ikiwa mwalimu hayupo.

Walimu walikuwa wawili. Mwalimu Kavumbi wa Mwembe Tayari alishika kisu upande wa chuma, akasimama kwenye mstari wa karibu, na kisu kikageuka nusu mzunguko tu kabla ya kuchoma ubao. Bi Fadhiya alishika mpini, akasimama kwenye mstari wa mbali, na kisu kikageuka mzunguko mzima. Kila mmoja alikuwa na njia yake, na njia zote mbili zilikuwa sawa.

Balaa lilianza hapo. Jannat aliwapenda wote wawili, na tangu utotoni alifunzwa kwamba mwalimu hajibiwi. Basi ili asimuudhi yeyote, alisimama kwenye mstari wa Mwalimu Kavumbi, akashika mpini kama Bi Fadhiya. Kila mwalimu alipata nusu yake! Lakini kisu hakikujua adabu hiyo. Kiligonga ubao kwa mpini, ka! kikaanguka chini, wiki baada ya wiki.

Idi ilikaribia. Kikundi kingecheza kwenye viwanja vya Makadara, na nyanya alikuwa amekwisha kuwaomba majirani wamwekee kiti cha mbele amwone mjukuu wake. Jumamosi hiyo Jannat alirusha kisu, kikadunda, kikaanguka karibu na mguu wa Mwalimu Kavumbi.

"Basi," alisema mwalimu kwa upole. "Idi hii utarusha mipira. Visu tungoje mwaka ujao."

"Inshallah, Mwalimu," Jannat aliitikia, kisha akaenda kujificha nyuma ya mikeka ya mazoezi. Alilia sana. Angemwambia nini nyanya?

Bi Fadhiya alimfuata, akaketi kando yake. "Jannat mwanangu, hebu nambia. Mbona wasimama karibu vile na umeshika mpini?"

Ilikuwa rahisi kusema "sijui". Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini Jannat alisema kweli.

"Mwalimu Kavumbi alinambia nisimame pale. Nawe ukanambia nishike mpini. Nikimfuata mmoja, mwengine ataona nimemdharau. Niliona haya."

Bi Fadhiya alicheka hadi machozi yakamtoka, akamwita mwenzake, akamweleza. Mwalimu Kavumbi hakucheka. Alijikuna kichwa.

"Kumbe wiki zote hizi ulikuwa unatuheshimu," alisema. "Na mimi sikukuuliza hata mara moja. Haya, chagua njia moja."

Kuchagua mbele yao kulikuwa kugumu kuliko kurusha kisu. Jannat aliinamisha kichwa. "Ya Bi Fadhiya," alinong'ona.

Mwalimu Kavumbi mwenyewe alimshika mabega, akamrudisha nyuma hadi kwenye mstari wa mbali. "Simama hapa, mama. Fanya alivyokufunza. Usitie changu hata kidogo."

Kisu cha kwanza kilikwenda pembeni. Kilichofuata kilichoma ubao, kikabaki pale kikitetemeka. Aliyeanza kupiga makofi alikuwa Mwalimu Kavumbi.

"Mwambie nyanya aje," alisema. "Utarusha visu."

Bi Fadhiya alimfuta Jannat machozi kwa ncha ya mtandio wake. "Adabu si kunyamaza, mwanangu. Usipoelewa, uliza. Walimu wakikwambia mambo mawili, waulize wote wawili, kwa heshima. Sisi hatukuja hapa uogope kutuudhi. Tumekuja ujue."