Maji Safi Kupita Kiasi

Kila jioni, baada ya kazi za shule, Chiriku alibeba beseni, mpira wa mkojo na chupa ya maji ya chumvi aliyopewa hospitalini, akajifungia bafuni. Kibofu chake kilikuwa kidogo mno na kilimtesa tangu utotoni, hadi madaktari wakakikuza kwa kipande cha utumbo wake mwenyewe. Tangu hapo alitakiwa kukiosha kila siku: anasukuma maji ndani kwa bomba la sindano kupitia ule mpira, kisha anayavuta yatoke.

Mama yake, fundi cherehani, alikuwa akishona sebuleni huku ametega sikio. Siku hizi binti alitoka bafuni mapema mno. Tena alitoka kimya, yeye ambaye hakuitwa Chiriku bure! Hapa pana jambo, mama akawaza.

"Umeosha?"

"Nimeosha, mama."

"Mbona haraka hivyo?"

"Nimeshazoea. Mkono wangu siku hizi unaishinda cherehani yako!"

Mama alicheka, lakini roho haikutulia. Alikagua chupa, akakuta maji yanapungua kama kawaida. Akakagua mpira na bomba, kisha akaona haya kumpekua mwanawe kama mwizi. Lakini alipomwona ameshika tumbo wakati wa chakula, uso umemkunjamana, hofu ilishinda haya.

Kesho yake alisema, "Leo usimwage. Niachie beseni."

"Kwani unanishuku, mama?"

"Ndiyo, nakushuku."

Chiriku alinuna, akaingia, akatoka, akalitua beseni mezani kwa madaha. "Haya, tazama! Safi kabisa!"

Mama aliinama. Hakuona hata uzi mmoja wa ute. Na muuguzi alikuwa amemweleza kwamba utumbo hauachi kutoa ute, hata ukishonewa kwenye kibofu.

"Maji haya hayajaingia mwilini mwako," alisema polepole. "Yametoka kwenye chupa yakaingia kwenye beseni."

Chiriku alilisukuma beseni kando. Kisha machozi yakamtoka. "Nilidhani nimeshapona! Wenzangu wanacheza nje, mimi nipo bafuni kila siku. Nimechoka, mama!"

Mama alitaka kufoka, akajikuta amemkumbatia. Asubuhi walikwenda hospitalini, na kipimo cha ultrasaundi kikaonyesha jiwe ndani ya kibofu. Bahati nzuri lilikuwa bado dogo, na siku chache baadaye daktari alilitoa kwa kifaa chembamba.

"Ute usipooshwa hubaki ndani," daktari alieleza, akiwaonyesha jiwe ndani ya kichupa. "Chumvi za mkojo huushika, mwisho jiwe hujijenga. Osha kila siku, kunywa maji ya kutosha, usibane mkojo. Na ukichoka, sema umechoka. Hapo tunaweza kukusaidia."

Chiriku alimgeukia mama yake, machozi yakimlengalenga. "Sasa hutaniamini tena?"

"Nitakuamini, taratibu," mama alijibu, akimfuta machozi. "Lakini shika hili, mwanangu. Mimi ungeweza kunidanganya mwaka mzima. Kibofu chako hukukidanganya hata siku moja."